Abiria wa Mossie Crotty

Mvua inanyesha, mtu ana begi zito mgongoni, na bado anazipita taksi nne zilizojipanga mlangoni mwa stesheni. Hata hazitazami.

Ama hana nauli, ama ana sababu.

Oonagh Crotty alifunga mwavuli wake, akaanza kumfuata.

"Kazipita taksi," alisema kwa sauti ya chini. Kidude kilichokuwa sikioni mwake hakikuzidi punje ya hindi. "Anaelekea darajani kwa miguu."

"Umbali?" Ilikuwa sauti ya Kanali Delahunty kutoka Dublin, kavu kama kawaida yake.

"Hatua arobaini."

"Usipunguze, usiongeze. Fintan?"

"Nipo na pikipiki nje ya stesheni," Fintan alijibu. "BMW inanguruma vizuri. Mimi ndiye nimelowa chapachapa."

"Sijakuuliza hali ya hewa. Baki upande huo huo, asije akageuka kurudi kwenye treni."

Pasipoti ilisema mtu huyo anaitwa Henrik Maas, mwalimu mstaafu, Mholanzi. Idara ya ujasusi ilikuwa na nakala za pasipoti zake nyingine mbili, majina tofauti, nchi tofauti. Ilikuwa pia na faili la mwenzao mmoja aliyemfuata Maas hadi Cork mwaka uliopita. Kesho yake alikutwa bandarini, anaelea.

Safari hii Maas alikuja Waterford kuchukua kitu kidogo kuliko ukucha. Memori kadi. Ndani yake mlikuwa na ramani ya mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari unaotua pwani ya kusini, na namba za siri za kuingilia mitambo yake. Injinia mmoja, Garvan Tobin, alikuwa ameuza vyote. Kadi ikivuka maji, siku moja mtu wa mbali angeweza kuzima simu za nusu ya nchi, hospitali zikiwemo.

Oonagh alikuwa amemwambia Kanali mapema. Nitume Galway, nitume Sligo, siyo Waterford. Mimi ni mtoto wa pale.

"Ndiyo maana nakutuma," Kanali alimjibu.

Alidhani ni kwa sababu anavijua vichochoro. Lakini anayeujua mji, mji nao unamjua.

Maas alivuka Daraja la Rice bila haraka. Chini, mto Suir ulikuwa umejaa, rangi ya chai. Alifika gatini, akatembea hadi kituo cha basi karibu na Mnara wa Saa, akasimama kwenye foleni na akina mama wa sokoni. Basi la hospitali lilipofika, akapanda.

Oonagh akapanda pia. Akakaa viti vitatu nyuma yake.

Kando ya Maas, kiti cha dirishani, alikaa mwanamume mwenye koti la Barbour lililopauka. Alikuwa ameshika ramani ya wageni, ile ya bure, yenye njia za mabasi na za baiskeli. Alikuwa akitoka jasho siku ya baridi.

Tobin.

Hawakusemezana. Kituo kilichofuata Tobin aliinuka, akaomba njia, akashuka. Ramani ikabaki kitini.

Maas alihesabu pumzi mbili. Akaiokota, akaikunjua, akaitazama kama mgeni yeyote anayetafuta pa kwenda. Kidole gumba chake kilipapasa kona ya chini. Kisha akaikunja na kuitia mfuko wa kifuani.

"Mzigo umepokewa," Oonagh alinong'ona. "Namkamata sasa hivi."

"Hapana."

"Kanali, yuko hatua tatu kutoka hapa."

"Kuna boti inamsubiri mahali. Naitaka boti na waliomo. Tobin tutamwokota wenyewe. Mwache mgeni aende."

Alitaka kubisha. Hakupata nafasi.

"Oonagh! Oonagh Crotty!"

Basi zima liligeuka. Bi Statia Flynn, jirani yao wa zamani wa Ballybricken, alikuwa ndiyo kwanza anapanda, mikoba miwili mkononi, kitambaa cha plastiki kichwani.

"Mungu wangu, si binti wa Mossie huyu? Hebu nikuone. Umekonda! Huko Dublin hawali?"

"Za siku nyingi, Bi Statia," Oonagh alisema kwa upole, akiomba moyoni bibi anyamaze.

"Za siku nyingi kamuulize baba yako. Anakula peke yake yule mzee. Bima gani hizo unazouza zisizokuwa na likizo?"

Watu wakacheka. Oonagh naye akajilazimisha kucheka.

Maas aligeuza shingo polepole. Alimtazama kama mtu anayelinganisha sura na picha aliyokwisha kuiona. Kisha akatabasamu, akabonyeza kengele, akashuka.

"Nimejulikana," alisema Oonagh.

"Endelea."

"Kanali, amesikia jina langu."

"Nimesema endelea."

Aliteremka kituo kile kile. Maas alikuwa amegeuza, anarudi gatini kwenye kijiwe cha taksi. Aliipita taksi ya kwanza. Akaipita ya pili. Akafungua mlango wa nyuma wa ya tatu, Skoda Octavia nyeusi yenye kibendera cha buluu na nyeupe cha timu ya mpira wa magongo ya Waterford.

Juu ya dashibodi ya gari hilo palibandikwa picha ya msichana aliyevaa joho la chuo kikuu. Oonagh hakuhitaji kusogea ili aione. Alikuwa yeye.

"Kaingia taksi," alisema.

"Namba?"

Oonagh aliendelea kuitazama picha ile.

"Namba, Crotty."

"Ni ya baba yangu."

Upande wa pili palikuwa kimya. Kimya kifupi mno. Hakikuwa cha mtu aliyeshangaa.

"Tunajua," alisema Kanali.

"Mnajua nini?"

"Hii ni mara ya saba anambeba. Na kuna bahasha nne alizotoa Maas, akazipeleka baba yako kwa mkono wake hadi kwa Tobin. Mzee yumo kwenye orodha tangu mwezi wa tano."

Mvua ilimwingia Oonagh shingoni. Hakuinua ukosi.

"Na mimi mkanileta hapa."

"Tulitaka kuona utafanya nini."

Skoda iliwasha taa ya pembeni, ikaingia barabarani.

"Kanali!" Fintan aliingilia, sauti juu. "Daraja linainuliwa! Kuna meli ya matanga inapita. Wanasema dakika ishirini. Nimekwama upande huu."

Kwa hiyo alikuwa peke yake.

Alifungua mlango wa Corolla iliyokuwa mbele kabisa kijiweni. Usukani ulikuwa mikononi mwa Bernie Dower, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, sweta la njano, sandwichi mdomoni.

"Mfuate baba, Bernie."

"Mossie? Kafanya nini, kaacha meno nyumbani?"

"Bernie."

Bernie alimtazama kwenye kioo. Aliiweka sandwichi juu ya dashibodi. Akakanyaga mafuta.

Walipita barabara ya Mall, wakaishika ya Dunmore. Skoda ilikuwa magari sita mbele. Kwenye kiplefti cha hospitali lori liliwazuia, Bernie akalipita kwa upande ambao hakuna anayepita, akitukana kwa furaha.

"Huyo mgeni wake siku hizi ni kama pacha wake," Bernie alisema. "Sisi kijiweni tunamtania, Mossie, utaposwa Uholanzi. Wanakaa gatini wanakula mikate ya blaa na nyama, wanapiga soga saa nzima. Wageni wengine unawashusha na jina lako wamelisahau. Huyu hapana. Unajua, mwanangu, tangu mama yako afariki baba yako alikuwa haongei. Huyu bwana kamfungua mdomo."

Oonagh alitazama mbele.

Alimpigia baba yake simu, spika wazi.

"Ee! Yupo hai!" Sauti ya Mossie Crotty ilijaa gari. Naye alikuwa ametumia spika ya gari, kama kawaida yake. "Nilidhani Dublin imekumeza."

"Baba, uko wapi?"

"Kazini, nitakuwa wapi? Niko na rafiki yangu Henrik. Tunavuka pale Passage East, nikampeleke kwenye mnara wa taa wa Hook. Treni haifiki kule, basi ndiyo kabisa. Msalimie, Henrik. Ni binti yangu huyu, wa bima."

"Hujambo, Oonagh," alisema Maas. Sauti ilikuwa laini, ya kialimu. "Baba yako anakusifu mno. Naona na wewe uko barabarani. Uwe mwangalifu. Njia ya Passage ni nyembamba. Magari yakifuatana karibu sana, mtu wa mbele ndiye huumia."

"Kweli kabisa," Mossie alidakia. "Msikilize mwalimu."

Simu ilikatika.

"Huyo ni mwalimu wa nini?" Bernie aliuliza. Hakuwa akicheka tena.

"Ongeza mwendo."

Mteremko wa kuingia Passage East ni mkali, na kona yake haina huruma. Bernie aliuteremka kama anayeanguka. Chini, pantoni lilikuwa limejaa, mtu wa koti la njano ameshaushika mnyororo wa lango.

Bernie alitoa kichwa dirishani.

"Nicky! Funga hilo lango nije nikuharibie harusi!"

"Nilishaoa, Bernie!"

"Basi nitakutafutia talaka! Sogea!"

Corolla iliruka juu ya bamba la chuma, ikasimama kidole kimoja nyuma ya gari la kambi, lile la kulala ndani, la familia fulani. Lango likapanda. Injini zikanguruma. Ng'ambo ilionekana, nyumba za Ballyhack na ngome yake ya mawe, na kando ya gati yoti nyeupe ambayo jina la ubavuni lilikuwa limefunikwa kwa turubai.

Oonagh alilegeza kifungo cha koti. Walther P99 ilikuwa imelala ubavuni pake. Risasi kumi na tano, na hapakuwa na pa kupiga hata moja. Watoto wawili walikuwa wanalishana biskuti kwenye gari la kambi. Waendesha baiskeli watatu wa Kijerumani walikuwa wanapigana picha.

"Boti iko Ballyhack," alimwambia Kanali. "Nyeupe. Watu wawili."

"Tunaiona. Kaa mbali mpaka ashuke."

Alipita katikati ya magari. Hakukaa mbali.

Skoda ilikuwa ya kwanza kabisa kwenye mstari, pua yake kwenye lango la mbele. Kioo cha dereva kilikuwa wazi. Mossie alimwona, uso ukamchangamka kama wa mtoto.

"Oonagh? We mtoto, umeibukia wapi?"

Furaha ile ilimuumiza kuliko kitu chochote asubuhi hiyo.

"Karibu," alisema Maas kutoka kiti cha nyuma. Ramani ya wageni ilikuwa imekunjuliwa mapajani mwake, mkono wa kulia uko chini yake. "Mikono yote miwili juu ya paa la gari, tafadhali. Hivyo hivyo."

Mossie alicheka, akidhani ni utani. Kisha akatazama kioo cha ndani. Kicheko kikakatika katikati.

"Henrik. Nini hicho?"

"Tazama mbele, Mossie. Dakika nne tu."

"Ni bastola hiyo?"

"Beretta. Ndogo. Binti yako anayo kubwa zaidi chini ya koti. Muulize."

Mzee aligeuka. Aliitazama mikono ya binti yake juu ya paa, mikono ya koti ikichuruzika maji. Akalitazama koti.

"Bima," alisema.

"Hakuna bima, baba."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na moja."

Mossie alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa aliokwisha kuuhisi.

"Na huyu?"

"Si mwalimu. Si Mholanzi. Alimuua mwenzetu Cork."

"Mengi hayo kwa safari fupi," alisema Maas. Mdomo wa Beretta ulijitokeza, ukagusa shingo ya mzee, chini ya sikio. "Lango likishuka, Mossie, utaendesha polepole hadi gatini. Mita mia moja. Mimi nitashuka, wewe utarudi zako kunywa chai. Binti yako atabaki hapo alipo."

Pantoni lilikuwa katikati ya mto. Mawimbi yalipiga chuma. Mtoto mmoja aliwapungia mkono, Oonagh akamwona Maas akimpungia pia, kwa mkono wa kushoto.

Mossie hakutazama mbele. Aliendelea kutazama kioo.

"Siku ile makaburini Ballygunner," alisema. "Nilipokuonyesha alipolala mke wangu Kathleen. Nikalia, ukanishika bega. Ulikuwa kazini?"

"Mossie, si wakati wake."

"Nimekuuliza, bwana. Ulikuwa kazini?"

Maas aligeuza macho mtoni. Ng'ambo ilikuwa inasogea, nyumba zinakua. Kwenye yoti, mtu mmoja alianza kufungua kamba.

"Haya," alisema Mossie.

Akazima gari. Akachomoa funguo. Akanyoosha mkono wake nje ya dirisha, kupita ubavu wa binti yake, akazirusha mtoni.

Zilimeremeta mara moja, zikaingia majini.

"Gari langu," alisema mzee. "Limefika mwisho wa safari."

Pantoni liligonga ng'ambo. Lango la mbele lilishuka kwa kishindo cha minyororo. Skoda ilikaa pale pale kama gogo, imeziba njia ya wote. Nyuma, honi zikaanza. Moja. Tatu. Kumi.

Oonagh aliyaona macho ya Maas yakipiga hesabu. Mita mia. Miguu. Sasa.

Maas alifungua mlango, mkono wa bastola ukatangulia kutoka.

Oonagh aliupiga mlango kwa uzito wake wote.

Mfupa ulilia. Beretta ilianguka juu ya chuma, ikateleza chini ya gari. Akauvuta mlango wazi, akamshika Maas ukosi, akamtoa na kumbamiza ubavuni mwa Skoda. Alikuwa na nguvu kuliko umri aliouandika kwenye pasipoti. Alimpiga Oonagh goti la tumbo. Pumzi zikamwisha. Mkono wa kushoto wa Maas ulikwapua ramani pale kitini, ukanyanyuka kuitupa mtoni.

Oonagh alichomoa Walther, akakipiga kiwiko chake kwa kitako.

Ramani ilianguka kwenye dimbwi miguuni mwao. Akaikanyaga.

"Chini," alisema. "Kifudifudi."

Maas alitazama mdomo wa bastola. Akalala.

Gatini, injini za yoti zilivuma, ikachomoka kuelekea baharini. Haikufika mbali. Kutoka upande wa Duncannon zilitokea boti mbili za kijivu za wanamaji, moja ikaingia mbele, moja nyuma. Sauti ya kipaza ilitoa amri mara moja tu. Watu wawili wakainua mikono.

Bernie alikuwa amefika mbio na nyaya za kuchajia betri, tayari kumfunga mtu. Alimkuta Maas ameshatiwa pingu.

"Uholanzi wamefuta posa," alisema, akihema. Kisha akamwona Mossie, ametulia kwenye kiti chake, mikono bado juu ya usukani. Akazishusha nyaya.

Kwenye kona ya chini ya ramani, chini ya utepe mwembamba, memori kadi ilikuwa salama.

Baada ya nusu saa Skoda ilikuwa imesukumwa hadi gatini, na Ballyhack ilijaa magari yasiyo na maandishi. Wajerumani walihojiwa, wakapewa chai, wakaruhusiwa kuendelea na baiskeli zao. Mtaalamu alikuja kuchukua kadi kwa kibanio.

"Kazi safi," alisema Kanali sikioni. "Tobin tumemkamata akiwa kwenye foleni ya chipsi. Sasa ondoka hapo. Wawili wanakuja kumchukua mzee. Huruhusiwi kuzungumza naye."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tujue alijua nini."

"Alitupa funguo na bastola iko shingoni."

"Hilo liandike. Wataamua wengine."

Mossie alikuwa ameketi juu ya ukuta wa gati, koti la Bernie mabegani. Alionekana mdogo. Oonagh alikitoa kidude sikioni, akakifumbata ndani ya ngumi hadi kiganja kikauma. Akaenda kuketi kando ya baba yake.

Walitazama maji.

"Henrik aliniambia bahasha ni za stempu," alisema mzee. "Kwamba Tobin anakusanya stempu za zamani, na posta zinapotea."

"Najua, baba. Hukujua kitu."

"Bahasha ya tatu ilifunguka kwa unyevu." Hakugeuka kumtazama. "Hapakuwa na stempu. Ilikuwa michoro ya mitambo, na namba namba, na maswali ya Henrik pembeni. Niliifunga tena kwa gundi."

Oonagh alihisi baridi ikimpanda kutoka kwenye jiwe alilokalia.

"Kwa nini hukusema?"

Mossie Crotty alifikiri, kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni.

"Angeacha kuja," alisema.

Gari jeusi lilisimama nyuma yao. Milango miwili ikafunguka. Vijana wawili nadhifu walimwita mzee kwa jina lake kamili, kwa adabu kubwa. Alisimama, akalikunja vizuri koti la Bernie, akamrudishia. Kisha akamgusa binti yake shavu kwa mgongo wa vidole, mara moja, akaenda nao.

Oonagh alingoja hadi gari lilipopotea kwenye kona. Akarudisha kidude sikioni.

"Ulipotea hewani," alisema Kanali. "Dakika sita."

"Maji yaliingia."

"Mzee kasema lolote?"

Pantoni lilikuwa limegeuza, linapakia tena kurudi Passage East. Nicky wa koti la njano alimtazama kwa swali. Oonagh alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi cha juu.

"Kauliza nani atamvutia gari lake," alisema. "Basi."

Akapanda kwa miguu, akasimama mbele kabisa, mgongo kwa Ballyhack, na mvua usoni.